Mgeni Njoo, Mwenyeji Yu Wapi?

Wapo wenzetu, na miongoni mwao wamo watu wazima wenye vyeo, ambao kila wasimamapo kuzungumza juu ya utamaduni wa taifa hawakosi kuitaja Japani. Watazameni Wajapani, husema; wameendelea kuzipita nchi nyingi za Ulaya na wala hawakuitupa asili yao. Ushahidi waupendao ni mji wa Kyoto. Huko, kwa maelezo yao, hoteli ya kisasa yenye lifti na viyoyozi hujengwa katikati ya mtaa wa kale, ikavikwa uso wa kale, na kila mtu akaridhika: mgeni amelala vizuri, mwenye mtaji amepata faida yake, na utamaduni umehifadhiwa. Kisha hutugeukia sisi. Nasi, husema, tuwaachie wenye hoteli mitaa yetu ya kale, tuwashurutishe wabakize milango na madirisha, na mengine yote yatajilinda yenyewe kwa fedha za wageni.

Hoja hii hupigiwa makofi, hasa katika mikutano ya alasiri, baada ya chakula. Mimi naipinga. Tena nataka kuipinga kwa kuanzia huko huko Kyoto, maana waisemao huitaja Kyoto kama mtu anayetaja shahidi akiwa na hakika kwamba shahidi mwenyewe hatafika barazani.

Kyoto si mji uliobuniwa kwa ajili ya watalii. Uliasisiwa mwaka 794 kwa jina la Heian-kyo, njia zake zikapimwa mraba kwa mraba kwa kuiga mji mkuu wa China ya siku hizo, ukawa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata makao hayo yalipohamia Tokyo mwaka 1869. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, miji mingi mikubwa ya Japani iliteketezwa kwa mabomu ya moto. Kyoto ilikuwa imekwisha kuandikwa katika orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, ikaondolewa mwaka 1945 kwa shauri la Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani. Hivyo nyumba zake za mbao zikasalimika. Nyumba hizo zilizosalimika na bomu ndizo zinazovunjwa leo kwa amani kabisa, kwa kalamu na karatasi. Hesabu iliyofanywa na jiji lenyewe mwaka 2016 ilikuta zimesalia kama 40,000 na kidogo. Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka saba hivi, zilikuwa zimepotea kama 800 kila mwaka, yaani nyumba mbili na ushei kwa siku. Hapo ndipo penye mfano wetu wa kuigwa.

Yafaa msomaji azijue nyumba hizi, kwa maana bila ya kuzijua hawezi kuona kinachopotea. Wenyewe huziita machiya. Ni nyumba za wafanyabiashara na mafundi, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, hata watu wa huko wakazitania kwa kuziita malalo ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Chumba cha mbele ni duka au karakana; nyuma yake ni vyumba vya kuishi, vyenye mikeka ya tatami na milango ya karatasi; ubavuni kuna ujia wa udongo unaotoka barabarani hadi uani, na humo ndimo jikoni. Katikati huachwa kijibustani kidogo sana, pengine hakizidi mkeka mmoja au miwili, cha kuingiza mwanga na upepo. Kuta ni za udongo. Uso wa nyumba ni fito za mbao zilizopangwa wima, na fito hizo zina hekima: aliye ndani humwona apitaye njiani, bali apitaye njiani hamwoni aliye ndani. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1950, iliyotungwa kwa kuogopa moto na tetemeko, hairuhusu nyumba ya namna hiyo kujengwa upya mjini kwa desturi yake ya zamani. Ndiyo kusema kila inayovunjwa haina mrithi.

Nimelala katika hoteli moja ya kisasa katika eneo la Gion, upande wa mashariki wa mji huo, nilipokwenda kwa kazi ya serikali. Jina lake halina faida kwa msomaji. Ilikuwa na ghorofa nne tu, kwa kuwa jiji huzuia majumba marefu; tangu mwaka 2007 kimo cha juu katikati ya mji kilishushwa kutoka mita 45 hadi mita 31, na katika mitaa ya kale ni chini ya hapo sana. Mbele kulikuwa na fito za wima kama za machiya. Nilizigusa, zilikuwa bati la alumini lililopakwa rangi ya mbao. Nyuma ya fito hapakuwa na chumba cha duka wala mtu wa kuchungulia njia, bali kioo kizima, na nyuma ya kioo mashine ya kupokelea wageni. Nikaionyesha pasi yangu, ikanipa kadi ya plastiki, tukamalizana. Chumbani bafu lilikuwa limefinyangwa kwa kipande kimoja cha plastiki, safi kupindukia, dirisha halifunguki, ukutani pametundikwa picha ya bustani, iliyopigwa chapa. Kitanda kilikuwa kizuri. Nasema haya kwa haki, maana sikuteseka, na hoja yangu haihusiani na kuteseka kwa mgeni.

Hoja yangu inahusu kikongwe wa nyumba ya pili. Alfajiri alitoka na ufagio na ndoo, akafagia mbele ya mlango wake, kisha akanyunyiza maji kwa kata ili vumbi litulie. Mkalimani wetu alinifafanulia kwamba hiyo ni desturi ya Kyoto, tena ina adabu yake. Mtu hufagia mbele ya kwake na kuvuka mpaka kidogo tu, kiasi cha kipimo cha mkono, kuingia kwa jirani. Asipovuka kabisa huonekana mchoyo. Akivuka sana huonekana anamsuta jirani kwa uvivu, au anamtwisha deni. Kesho jirani naye hufagia na kuvuka kipimo kile kile, na hivyo mtaa mzima husafika na kufungamana. Yule bibi alifagia upande wa kushoto, akavuka kidogo. Alipofika upande wa kulia, upande wa hoteli, alisimama mpakani. Upande ule hapakuwa na wa kumrudishia. Mashine haifagii, na kampuni ya usafi huja saa nne na gari lake, hufanya kazi nzuri, huondoka.

Wahenga wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawa wenzetu wa mikutanoni wanatutaka tuusahau usemi huo. Wao hutazama fito, wakakuta zipo, wakaandika katika taarifa kwamba utamaduni umehifadhiwa. Sisi tutungao mashairi tunaujua ugonjwa huu siku nyingi. Kuna utungo wenye vina vilivyopangika na mizani isiyopungua hata moja, ukiufungua humna neno. Anayehesabu vina ataupa alama zote.

Utamaduni wa mtaa ni mambo yatendwayo na watu waishio humo, na mengine hayatendeki ila na wao. Kyoto ina sikukuu kubwa, Gion Matsuri, ambayo asili yake ni dua ya kuondoa maradhi mwaka 869. Mwezi Julai magari ya sherehe hupitishwa mjini. Yako 34, na makubwa yake yana kimo cha kama mita 25 na uzito wa tani kama 12. Huundwa kila mwaka bila ya msumari, kwa kufungwa kamba za majani ya mpunga, na baada ya maandamano hufunguliwa na kuwekwa. Mwaka 2009 sikukuu hiyo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika. Ni nani mwenye magari hayo? Si serikali, wala si hekalu peke yake. Kila gari lina mtaa wake, na watu wa mtaa ndio walioyatunza, wakachanga fedha za kutengenezea mazulia na nakshi zake, wakawafundisha watoto ngoma na filimbi zake. Mitaa hiyo iko katikati ya mji, mahali ambapo ardhi ina thamani kuliko pote. Katika mingine wakazi wamepungua hata wavutaji wa magari wakawa hupatikana kwa kuwaita wanafunzi wa vyuo na watu wa kujitolea kutoka mbali. Wenye hoteli huuza madirisha yanayotazama maandamano. Sikatai kwamba dirisha ni la kutazamia. Nauliza tu gari litavutwa na nani siku madirisha yote yatakapokuwa ya watazamaji.

Tena iko sikukuu ndogo, ambayo haimo katika vitabu vya watalii, nami naiona kubwa kuliko ile. Mwishoni mwa Agosti kila mtaa huipamba sanamu ya Jizo, mlinzi wa watoto, iliyo kwenye kibanda kando ya njia. Watoto wa mtaa hukusanywa, huketi duara, hushika tasbihi moja kubwa mno na kuizungusha mkono kwa mkono huku dua ikisomwa, kisha hupewa peremende na michezo. Sikukuu hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watoto. Mtaa usio na watoto hauna la kuzungusha, hata kibanda kingechongwa upya kwa mbao za thamani gani.

Najua nitajibiwa kwamba mimi ni adui wa maendeleo, nataka watu wakae katika makumbusho. Jibu hili limezoeleka, na ni la uongo. Machiya ni baridi kali wakati wa kipupwe. Ngazi zake ni za kuvunja shingo. Nyaya za umeme katika nyumba za mbao ni hatari ya kweli. Anayekaa humo ana haki ya kutia bafu la maji ya moto na kiyoyozi bila ya kuomba radhi kwa mtalii. Wala Kyoto haikungoja hoteli ili iwe ya kisasa. Makao ya mfalme yalipohama, watu wengi walidhani mji utakufa. Wakazi walifanya nini? Mwaka 1869, miaka mitatu kabla ya serikali kuu kutangaza mfumo wa elimu wa nchi nzima, walifungua shule za msingi 64, moja kwa kila kundi la mitaa. Gharama walizichanga wenyewe, hata kwa kuitoza kila nyumba yenye meko. Kisha wakachimba mfereji kutoka ziwa Biwa, uliokamilika mwaka 1890 chini ya mhandisi kijana Tanabe Sakuro, na sehemu ya gharama ikawa ni kodi maalumu iliyowalemea wao. Maji ya mfereji yakazalisha umeme mwaka 1891, na mwaka 1895 Kyoto ikawa mji wa kwanza wa Japani kuwa na tramu ya umeme. Mambo hayo yote yalikuwa mapya, mengine yakiwa yametoka Ulaya moja kwa moja, na hakuna aliyesema kwamba yameua utamaduni. Yalifanywa na wenyeji kwa ajili ya wenyeji, na hapo ndipo usasa ule unapotengana na huu wa alumini.

Nimezitaja shule kwa makusudi, maana wasomao makala hii ni walimu na wanafunzi. Shule zile 64 hazikuwa madarasa tu. Ndani yake palikuwa na ukumbi wa mikutano ya mitaa, na mnara wa kungojea moto. Kwa vile watoto wamepungua, nyingi zimefungwa au kuunganishwa. Shule ya Kiyomizu, kwenye mteremko wa kwenda hekalu la Kiyomizu, ilifungwa mwaka 2011. Jengo lake la mwaka 1933 likageuzwa hoteli ya fahari iliyofunguliwa mwaka 2020. Mwenye kulala humo hupita katika korido za shule na ngazi zilizokanyagwa na watoto, na huambiwa kwamba hayo ndiyo yanayoipa hoteli haiba. Neno haiba hapo lina maana ya watoto wasiokuwapo.

Mfano mwingine sina budi kuutaja, kwa kuwa wataalamu wa kupiga makofi hawautaji kamwe. Shule ya Rissei, kando ya mto mdogo wa Takase, yenye jengo la mwaka 1928, ilifungwa mwaka 1993. Kwa miaka mingi wakazi waliendelea kulitumia jengo kwa mikutano na maonyesho. Ulipofika wakati wa hoteli, jiji halikuuza ardhi bali liliikodisha. Na katika majengo yaliyofunguliwa mwaka 2020 mna chumba cha chama cha mitaa, ukumbi, maktaba, na kiwanja cha majani kilicho wazi kwa kila mtu. Siisemi Rissei kuwa ni pepo. Hoteli ni hoteli, na ghorofa mpya zimeongezwa. Lakini tofauti hii yafaa kupimwa kwa makini: pale wenyeji walikuwako walipoketi watu kugawana jengo, na wakatoka na kitu mikononi, tena kwa maandishi. Hawakuachiwa mlango wa kupigia picha.

Basi njoo kwenye fedha, maana ndiyo ngome ya mwisho ya hoja ninayoipinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunaambiwa, na methali ni ya kwetu. Katika mwaka 2019 Kyoto ilipokea wageni zaidi ya milioni 50, wengi wakiwa Wajapani wenyewe, katika mji wenye wakazi wasiofika milioni moja na nusu. Amepona nani? Ardhi ya katikati imepanda bei hata vijana wenye watoto wadogo wanahamia mkoa jirani wa Shiga. Mabasi yamejaa masanduku ya safari, na wazee waendao hospitali huachwa vituoni. Jiji likaacha kuuza tiketi ya basi ya siku nzima mwaka 2023, na mwaka 2024 likaanzisha mabasi ya watalii peke yao. Katika vichochoro vya Gion, ambavyo ni mali ya wenye nyumba, watu wa mtaa waliweka mwaka 2019 mabango ya kukataza kupiga picha, faini yeni 10,000, na mwaka 2024 wakavifunga baadhi yake kwa wageni, kwa kuchoka kuona wanawake wa kazi ya sanaa wakivutwa nguo njiani kama wanyama wa maonyesho. Mwezi Novemba 2019 Meya wa Kyoto mwenyewe, Kadokawa Daisaku, alitangaza kwamba jiji halizihitaji tena hoteli zisizojali wakazi na utamaduni wa mahali. Huyo alikuwa meya wa mji ule ule ambao wenzetu wanautolea mfano! Kodi ya malazi, iliyoanza mwaka 2018 kwa yeni 200 hadi 1,000 kwa usiku, ikaamuliwa ipande kuanzia Machi 2026 hadi yeni 10,000 kwa vyumba vya bei kubwa kabisa. Watu wanaopona hawatafuti dawa kwa haraka namna hiyo.

Sasa nirudi nyumbani, kwa ufupi, maana huku wasomaji wanaona wenyewe. Nitaambiwa kwamba jengo lisilo na kazi huanguka, na nitaonyeshwa Beit al-Ajaib, lililoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 pale Forodhani. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini asiyeona njia ila mbili, kifusi au hoteli, hajafikiri. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2015 jengo la kale la Mambo Msiige, huko Shangani, lilifunguliwa kuwa hoteli, pamoja na nyongeza mpya ubavuni ambayo ukubwa wake uliisumbua hata Kamati ya Urithi wa Dunia. Watetezi walisema kuta zimepona. Sibishani nao juu ya kuta. Mimi nauliza juu ya baraza. Katika Mji Mkongwe baraza ya mawe iliyo nje ya mlango haikujengwa iwe pambo. Ilijengwa ili mwenye nyumba na mpita njia waketi pamoja, kahawa imiminwe, habari zipokezane, na mtoto wa jirani akemewe na yeyote aliyeketi. Ni ufagio wa yule bibi wa Gion kwa sura nyingine. Nyumba ikiwa hoteli, baraza husuguliwa vizuri kuliko zamani, ikawekwa mito ya kitambaa, na mlinzi akasimama kando. Nani wa Kiponda atathubutu kuketi?

Kwa hiyo kila anapoletwa mtu mwenye ramani za hoteli katika mtaa wa kale, nataka maswali yabadilike. Kwa kawaida tunamwuliza idadi ya vitanda, idadi ya ajira, na iwapo mlango wa nakshi utabaki. Aulizwe pia ni jamaa ngapi zimelala mtaani humo usiku wa jana, na ngapi zitalala humo baada ya miaka kumi. Aulizwe wafanyakazi wake watalala wapi, au watakuja kwa daladala kutoka mbali kuigiza uenyeji. Aulizwe ardhi itauzwa au itakodishwa, na wakazi wamepewa chumba gani, kwa maandishi gani. Na walimu wa Malindi, Shangani na Kiponda waitwe katika kikao hicho pamoja na madaftari yao ya mahudhurio, wasome kwa sauti majina ya watoto waliokuwamo mwaka 2000 na ya waliomo sasa, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuitaja Kyoto.